Barua kwa mwanangu: nani angebaki na mtoto?

Mwanangu mpenzi,

Assalamu alaikum. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara mbili, jioni na tena asubuhi kabla sijatoka. Unasema huko chuo cha ualimu mlijadili mwaka 2020, shule zilipofungwa kwa ajili ya korona, na mwenzako mmoja akasimama akasema wazazi wa Kenya hatukuwa na msimamo: Machi tulifurahi shule kufungwa, Agosti tukapiga kelele zifunguliwe kwa kuwa tumechoka na watoto wetu wenyewe. Nawe ukaniuliza kama ni kweli, na mbona Oktoba, ulipoitwa kurudi Kidato cha Nne, mimi nilikunja uso wakati wazazi wa wenzako walikuwa wakishukuru Mungu. Ukamalizia kwa kuniuliza kama leo ningekubali zifungwe tena. Mambo haya si ya simu, ndiyo maana nakuandikia.

Nianze na Machi, maana hapo mwenzako amesema kweli. Mgonjwa wa kwanza alitangazwa Ijumaa tarehe 13. Jumapili tarehe 15 Rais Uhuru akasema shule za kutwa zifungwe kesho yake na za bweni ziwe zimefunga ifikapo Jumatano. Sikumsikia mzazi hata mmoja hapa sokoni Kongowea, Mombasa, aliyepinga. Tulikuwa tumeona Italia kwenye televisheni, wagonjwa wakijaa hospitalini, na kila mmoja wetu anajua hospitali zetu zilivyo. Wewe ulikuwa bweni na mimi nilitaka uwe mbele ya macho yangu. Ulipoingia na sanduku lako na godoro, nililala usingizi.

Lakini sote tulidhani ni wiki chache, kisha likizo ya Aprili, kisha Mei maisha yaendelee. Mtu anapokubali jambo la wiki chache huwa hajakubali la miezi tisa. Wanaohesabu rai za wazazi wanafaa waulize kwanza mzazi aliambiwa ni muda gani.

Sasa sikiliza yaliyofuata, kwa sababu wewe uliyaishi ukiwa ndani na mimi niliyaona kutoka sokoni. Sisi watu wa pwani mtoto wetu ana shule mbili. Asubuhi yuko darasani, alasiri yuko chuoni, yaani madrasa, kwa ustadhi wake, na anaporudi magharibi mama naye ameshafika na sufuria iko jikoni. Siku nzima imeshikwa na watu wazima wanaomjua kwa jina, na sisi tumeizoea hata hatuioni. Korona ilivifunga vyote viwili kwa pamoja. Hata misikiti iliporuhusiwa kufunguliwa Julai kwa masharti, watoto wa chini ya miaka 13 waliambiwa wabaki nyumbani na madrasa zikaendelea kufungwa. Wazee wa zaidi ya miaka 58 nao wakakatazwa. Yaani mtoto na nyanyake wote wamefungiwa ndani, na mwenye miguu ya kutoka ni mmoja tu.

Na huyo nyanya, serikali ilikuwa ikitangaza kila jioni tusimpelekee watoto, tutamuua. Nyanyako ana sukari, wewe wajua. Miaka yote mziwanda wetu alikuwa akishinda kwake siku za likizo. Nilimnyima mjukuu wake kwa sababu nilimpenda, naye alilia akidhani tumemkasirikia.

Babako alikuwa barabarani. Mei yote madereva wa malori walikuwa wamekwama Malaba na Busia wakingoja vipimo, wengine wakilala chini ya trela. Akipiga simu, nusu ya maneno ni kuuliza mziwanda yuko na nani.

Nami nilitakiwa kazini. Hapa ndipo moyo wangu huchemka mpaka leo. Biashara ya chakula haikusimamishwa. Tuliambiwa sisi ni watu wa huduma za lazima, nchi haiwezi kukaa bila nyanya na vitunguu. Barabara za kuingia na kutoka Mombasa zilifungwa Aprili kwa watu, lakini mizigo ya chakula ilipita. Kafyu ilianza 27 Machi, saa moja jioni mpaka saa kumi na moja alfajiri, na soko la jumla kwa kawaida huchangamka kabla ya alfajiri. Ikabidi kila kitu kibanwe mchana: kununua, kuuza, kukimbilia matatu iliyobeba nusu ya watu kwa nauli kubwa, na kufika nyumbani kabla ya polisi hawajaanza na rungu. Juni walipoisogeza mpaka saa tatu usiku tulipumua kidogo. Sasa niambie, mtu anapopewa amri ya kwenda kazini na mtoto wake wa miaka mitano anapewa amri ya kubaki nyumbani, aliyetoa amri zote mbili alidhani nani anabaki naye? Uingereza walifunga shule lakini waliziacha wazi kwa watoto wa wauguzi na wa watu wengine wenye kazi za lazima. Sisi tulipewa jina la heshima, basi.

Aliyebaki naye ni wewe.

Wewe ndiwe uliyekuwa chekechea ya nyumba hii. Ulimwogesha, ukampikia uji, ukamfundisha kuandika jina lake kwa chaki kwenye sakafu. Nduguyo wa darasa la sita naye ulikuwa ukimtafuta ufukweni na kwenye kituo cha bodaboda, kwa sababu mvulana wa miaka kumi na mbili hakai chumbani miezi. Masomo ya redio ya KICD, ile taasisi ya mitaala, yalikuwa yakija wakati mtoto analia. Simu yenye intaneti ilikuwa moja nayo iko na mimi sokoni, kwa kuwa wateja wangu walikuwa wakilipa kwa M-Pesa, zile siku ambazo kutuma chini ya shilingi 1,000 kulikuwa bure. Ulisoma usiku, wenzako wa shule kubwa wakisoma mchana na mwalimu kwenye skrini. Wazazi wa shule ghali za Nairobi walikwenda mahakamani kudai karo ipunguzwe kwa vile masomo ni ya mtandaoni. Sikuwalaumu, pesa ni zao. Ila niliposoma habari ile niliona kwamba sisi na wao tunaitwa wazazi sawasawa, na shida zetu hata hazijuani.

Kwa hiyo mwambie mwenzako kwamba Kongowea peke yake kulikuwa na rai nne au tano juu ya shule, na hazikugawanyika kwa woga wa ugonjwa. Ziligawanyika kwa swali la nani yuko nyumbani. Jirani yangu wa meza, mwenye mama mkwe mwenye nguvu ndani ya nyumba, alisema zifungwe mpaka dawa ipatikane. Yule binti anayelea peke yake alikuja na mtoto akamlaza chini ya meza juu ya magunia, na tangu Aprili alikuwa akisema zifunguliwe hata kesho. Walimu wa shule za binafsi waliokosa mishahara walianza kuuza ndizi pembeni mwetu, nao walitaka zifunguliwe kwa sababu zao wenyewe. Na wako waliosema zisifunguliwe kwa kuwa karo haipo, aibu ya kufukuziwa mtoto ingerudi. Shangazi yako Tanga alinipigia mwisho wa Juni kuniambia watoto wake wote wamerudi darasani tarehe 29. Wengine kwetu waliona ni wazimu, wengine waliona wivu. Mimi niliona vyote viwili kwa siku moja.

Wiki ile ile barabara za Mombasa zilipofunguliwa, tarehe 7 Julai, marehemu Profesa Magoha, aliyekuwa waziri wa elimu, akatangaza kwamba mwaka wa masomo umekwenda, hakuna mtihani wa KCPE wa darasa la nane wala KCSE wa Kidato cha Nne, watu wote warudi Januari. Nakumbuka ulivyofunga kitabu. Mimi siku hiyo niliacha kuunga mkono kufungwa. Ugonjwa niliuogopa vilevile, lakini niliona kwamba hakuna anayeuliza watoto hawa wanakaa wapi. Magazeti ya Juni yalijaa habari za wasichana wa Machakos waliopata mimba, na watu wakabishana juu ya hesabu. Kwangu hesabu haikuwa neno. Nilikuwa na msichana wa miaka kumi na saba peke yake nyumbani kutwa, mlango wa kufungwa kwa kufuli la kununua, na mimi niko mbali.

Halafu kuna jambo ambalo wewe hukuliona, na walioandika vitabu vyenu labda hawakuliandika. Ulezi wa watoto haukufungwa. Ulijificha. Yule mama wa mtaa wa pili aliyekuwa akilea watoto wadogo kwa shilingi 50 kwa siku alifunga Machi kwa kumwogopa chifu. Mei alikuwa amefungua tena, pazia likiwa limeteremshwa, watoto wakikatazwa kupiga kelele. Kilikuwa chumba kimoja cha bati. Tuliwatoa kwenye darasa lenye madirisha sita tukawatia mle, tukasema tumewaepusha na korona. Simlaumu yule mama. Aliwashika watoto wa watu wakati hakuna mwingine aliyetaka kuwashika, na nikimwona leo humpa fungu la mchicha bila kuhesabu.

Sasa nije kwenye Oktoba, ulipouliza kwa nini nilikunja uso.

Tarehe 12 Oktoba waliitwa Gredi ya 4, darasa la nane na Kidato cha Nne. Walichagua kwa kutazama mitihani. Wewe mwenye mtihani ukarudi, na nilitaka urudi, wallahi nilitaka, nilikuwa nimeuza cherehani ya mamangu kwa ajili ya karo ile. Lakini mziwanda wa PP1, chekechea, na nduguyo wa darasa la sita waliambiwa wangoje mpaka 4 Januari. Wale wanaoweza kukaa peke yao walitangulia shule, na asiyeweza hata kujifungulia mlango akabaki wa mwisho. Baa zilikuwa zimeruhusiwa mwisho wa Septemba. Mtu mzima aliweza kwenda kunywa, mtoto wa miaka mitano hakuweza kwenda kwa mwalimu wake.

Ulidhani niliogopa usiambukizwe bwenini. Niliogopa, ndiyo. Lakini nilipokuwa nikikufungia sanduku, nilichokuwa nikifikiri zaidi ni kwamba kesho asubuhi sina wa kumwachia mtoto. Nilikuwa nakutuma ukajenge maisha yako, na papo hapo naona nguzo ya nyumba inaondoka. Sikukuambia kwa sababu ungebaki. Nakujua, ungesema "Mama, nitasomea nyumbani", na ungefanya hivyo kweli, na mtihani wa Machi 2021 ungekukuta na mtoto mgongoni. Nilinyamaza, na uso nao ukanishinda kuutawala.

Mziwanda aliingia kwenye kile chumba cha pazia mpaka Januari. Alipata kikohozi, akapona, alhamdulillahi.

Na baada ya Januari hatukupumzika, hilo pia liwekeni kwenye mjadala wenu. Ili kufidia muda, mwaka wa masomo wa 2021 ulianza Julai na ule wa 2022 ukaanza Aprili, mpaka kalenda ikarudi mahali pake Januari 2023. Mihula ilifuatana mbio, na kila muhula na karo yake, kwa watu waliokuwa wametoka kuuza akiba zao. Wazazi waliogoma kusema lolote 2020 walilalamika 2022, na walikuwa na haki.

Umeniuliza kama leo ningekubali. Ningekubali kwa wiki chache za mwanzo, wakati ugonjwa haujulikani unaua nani. Ule wa 2020 hatukuujua, na sitaki mtu aje leo na elimu ya baadaye awahukumu waliofunga Machi. Baada ya hapo ningetaka waanze kufungua kutoka chini, chekechea na madarasa ya mwanzo, kama walivyofanya Denmark Aprili ile ile. Ningetaka mwenye kazi ya lazima apewe mahali pa kumweka mtoto, pajulikane, pawe na maji na dirisha, na mama anayelea alipwe badala ya kuteremsha pazia. Na muda utajwe, na ukiongezwa waje watuulize. Uganda walikaa mpaka 10 Januari 2022 kabla shule zote kufunguliwa. Mimi huwafikiria sana akina mama wa kule, na mabinti zao wakubwa.

Wewe utakuwa mwalimu. Siku mkikaa kwenye mkutano wa wazazi na mama akaonekana hana msimamo, leo anasema hili kesho lile, muulize kwanza nyumbani kwake kuna nani mchana.

Nduguyo anauliza kama ile kalkuleta yako anaweza kuichukua, nimemwambia akuombe mwenyewe. Mziwanda sasa ni mrefu kunishinda begani na bado anaandika herufi ya kwanza ya jina lake kwa ule mkia uliomfundisha wewe. Pesa ya chakula nitakutumia Ijumaa nikishalipwa na mwenye hoteli. Nyanyako anasema ukija usilete chochote, lete kanga tu.

Mamako akupendaye,
Kisauni