Kabla Hujapaka Rangi Injini ya Mvuke

Asubuhi moja niliweka kiganja juu ya boila ya injini tuliyokuwa tunaitunza, nikakiondoa kimelowa. Mvua haikuwa imenyesha wiki nzima na paa la banda lilikuwa zima. Nilimwita fundi wetu mkuu, mzee aliyemaliza maisha yake ya kazi kwenye karakana za reli. Hakutazama hata hilo paa. Aliniuliza tu, "Milango umefungua saa ngapi?"

Nikamwambia saa moja, ili chuma kipate hewa.

"Basi mwanangu, wewe ndiye uliyeilowesha."

Alikuwa sahihi. Chuma kizito namna ile kikipoa usiku hakipati joto upesi kama hewa ya nje inavyopata. Ukifungua milango mapema, hewa ya vuguvugu yenye unyevu inaingia, inakutana na chuma baridi, na umande unatua juu yake kama unavyotua kwenye glasi ya maji ya barafu. Mimi nilidhani naikausha, kumbe kila asubuhi naiogesha. Tangu siku ile tuna kipimajoto kidogo kinachonata kwenye boila na kingine ukutani. Milango haifunguliwi mpaka chuma kiwe kimekaribia joto la hewa.

Nimeanza na kisa hiki kwa sababu karibu kila kikundi ninachokifahamu kilichokabidhiwa injini ya zamani kilianza na rangi. Sisi pia tulianza na rangi. Inaeleweka: unaona kutu na vioo vilivyovunjika, moyo unauma, unataka watu wapite waione inang'aa. Lakini rangi inapendeza wageni tu, maji yanaendelea kuila injini kwa ndani. Kazi ya kwanza ni kuikausha, ya pili ni kuisoma, na rangi inakuja karibu na mwisho kabisa.

Kuikausha kunaanzia mahali ambapo wengi hawaingizi kichwa, yaani chumba cha moshi, pale mbele chini ya dohani. Injini nyingi zilizimwa siku ya mwisho ya kazi zikaachwa na majivu na masizi yake. Masizi ya makaa ya mawe yana salfa ndani yake. Yakipata unyevu yanageuka tindikali, na tindikali hiyo inakaa palepale kwenye sakafu ya chumba ikitafuna bati miaka na miaka. Ya kwetu tulipoyachota tulijaza ndoo kumi na nne. Chini yake, bati lililopaswa kuwa nene kama kidole lilikuwa limebaki kama ganda la yai. Niligonga kwa nyundo ndogo ikatoa sauti kavu ya kopo tupu, na kwa gonga la pili nyundo ikapita. Choteni majivu yote, kwenye chumba cha moshi, kwenye tanuri na chini ya tanuri, hata kama hamtagusa kitu kingine mwaka mzima.

Kisha boila yenyewe. Fungueni vizibo vya kuoshea vilivyo chini kabisa, pembezoni mwa tanuri, maana tope la chokaa hujilimbikiza huko na kushika maji. Vikitoka, msivirudishe kwa kukaza. Acheni hewa ipite. Koki za kutolea maji kwenye silinda nazo zibaki wazi. Na dohani lazima ifunikwe. Bomba linalotoa mvuke uliokwisha kufanya kazi linapanda kutoka kwenye silinda na kufunguka moja kwa moja chini ya dohani, kwa hiyo tone la mvua linaloingia juu linaweza kuishia kwenye pistoni. Kifuniko cha bati chenye nafasi ndogo pembeni kinatosha.

Kama injini iko nje, msiifunge kwa turubai la plastiki kama zawadi. Chini ya plastiki unyevu haupati pa kutokea, na mtakapoifunua baada ya miezi sita mtaikuta mbaya kuliko mlivyoiacha. Paa lisilo na kuta ni bora mara kumi kuliko turubai linalobana. Kwa walio na jengo la kufungwa, jitahidini unyevu wa hewa usizidi asilimia 50 au 55. Ukipita 60 kutu huenda mbio.

Nakuja kwenye kuisoma, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo tulipofanya kosa ambalo bado linaniuma.

Mwezi wetu wa tatu tulimwajiri mkandarasi apige mchanga, yaani arushe mchanga kwa hewa ya kasi ili kung'oa rangi na kutu, kwenye tangi la tenda, lile la maji na makaa linalofuata nyuma ya injini. Ilimchukua saa chache. Tangi likawa la kijivu, safi, tukapiga picha tukafurahi. Wiki iliyofuata nilikuwa nikipitia picha za zamani kwenye simu, nikaikuza moja iliyopigwa jioni, jua likiwa limelala ubavuni mwa tangi. Chini ya rangi nyeusi kulikuwa na herufi. Zilikuwa zimeinuka unene wa nywele tu, zimeandikwa kwa mkono wa fundi mchoraji aliyekwisha kufa zamani, jina la kampuni iliyoimiliki injini ile kabla ya rangi mbili za mwisho. Niliweza kusoma herufi nne. Zilizobaki zilikuwa zimefagiliwa pamoja na mchanga.

Kwa hiyo, msipige mchanga kabla hamjasoma. Tafuteni sehemu zilizojificha: nyuma ya bamba la namba, chini ya kishikio cha mkono, ndani ya mlango wa kibanda cha dereva. Chukueni msasa laini wa maji na msugue eneo dogo kama sarafu, polepole, mkipanua duara kila rangi mpya inapojitokeza. Mwisho mtapata miduara ya rangi kama ya gogo lililokatwa, ya ndani kabisa ikiwa ya kiwandani. Pigeni picha kwenye mwanga wa mchana, na mkumbuke kwamba varnishi ya zamani hugeuka njano, hivyo kijani mnachokiona huenda hakikuwa kijani kile. Tulifanya hivyo upande mmoja wa kibanda uliosalia, tukapata tabaka saba.

Chuma nacho kina maandishi. Fito ndefu zinazounganisha magurudumu tuliziosha kwa mafuta ya taa na brashi laini, na namba zilizogongwa zikaanza kujitokeza. Fito ya kulia ilikuwa na namba ya injini yetu, ya kushoto ilikuwa na namba ya injini nyingine. Kijana mmoja alisikitika, akaona tumeuziwa kitu cha kuungaunga. Mzee akamweleza kwamba karakanani injini zilikuwa zikiingia kwa matengenezo makubwa, kila kilicho tayari kinafungwa kwenye injini iliyo tayari, maana treni inasubiriwa. Ile fito ya kushoto ndiyo ushahidi wa siku za kazi. Mtu akikushauri usage zile namba ili chuma kiwe laini, mkatalie.

Hapo ndipo swali gumu linapoibuka: mnairudisha injini kwenye mwaka upi? Mallard, iliyoweka rekodi ya kasi ya injini za mvuke tarehe 3 Julai 1938 kwa maili 126 kwa saa, yaani kilomita 203 hivi, ilipita katika rangi kadhaa na ikavuliwa mabati yake ya pembeni wakati wa vita. Ilipostaafu mwaka 1963, ilirudishiwa mabati hayo na rangi ya buluu ya 1938, na hivyo ndivyo inavyoonekana leo York, Uingereza. Ni uamuzi unaoeleweka, maana ni siku ile moja iliyoifanya ijulikane. Rocket ya Robert Stephenson ilipata uamuzi tofauti. Mwaka 1829 ilishinda mashindano ya injini za reli ya Rainhill, Uingereza, ikiwa na rangi ya njano na silinda zilizoinama sana. Baadaye, katika maisha yake ya kazi, silinda ziliteremshwa hadi karibu kulala. Iliingia makumbusho mwaka 1862, na imeachwa na mabadiliko yake na makovu yake. Anayetaka kuona ilivyokuwa 1829 anatazama nakala iliyojengwa 1979.

Mimi niko upande wa Rocket. Mkirudisha kila kitu kwenye siku ya kwanza, mnafuta miaka yote ambayo watu walifanya kazi humo. Sisi tulichagua miaka ya mwisho ya kazi, kwa sababu ndiyo tuliyokuwa na ushahidi wake mwingi zaidi, kisha tukaacha dirisha dogo la yale matabaka saba chini ya kioo. Wageni husimama pale muda mrefu kuliko mahali pengine popote.

Kuhusu hatari nitasema waziwazi. Kati ya boila na mabati yaliyoifunika kuna koti la kuzuia joto, na kwenye injini nyingi za karne ya 20 koti hilo ni asbestosi. Vumbi lake linasababisha saratani ya utando wa mapafu, na ugonjwa unaweza kujitokeza miaka 30 au 40 baada ya siku uliyolivuta. Usifungue hata bati moja kabla sampuli haijapimwa maabara, na ikithibitika, kazi ya kuiondoa ni ya watu wenye leseni na vifaa, si ya watu wa kujitolea na barakoa za kitambaa. Sisi tulisubiri karibu miaka miwili kupata fedha za kazi hiyo. Ilituuma, kwa sababu koti lililolowa linashikilia maji dhidi ya boila, lakini tulisubiri. Rangi za zamani nazo zina madini ya risasi, ambayo ni sumu, hasa ile nyekundu ya chini. Msizisugue kavu. Nguo za kazi zibaki kazini, zisipelekwe nyumbani kwenye watoto.

Chuma kinachong'aa, yaani fito, vishikio na sehemu zinazosuguana, msikipake rangi ya fedha. Nimeliona hilo mara nyingi na kila mara nimeumia, kwani rangi ile inaficha kutu inayoendelea chini na inafuta alama za tindo na msasa wa mafundi. Safisheni, kausheni, pakeni nta au grisi nyembamba, rudieni kila miezi michache. Ni kazi ya kuchosha, hakuna njia ya mkato. Magurudumu nayo yasikae juu ya nukta ileile miaka yote. Tieni mafuta kwenye beringi za ekseli, kisha msogeze injini hadi magurudumu yazunguke nusu duara, mara mbili tatu kwa mwaka, halafu mrudishe vizuizi vya magurudumu.

Shaba ina maadui wawili, mwizi na kitambaa. Injini kubwa za Garratt za daraja la 59, zile 34 zilizotengenezwa na Beyer Peacock huko Manchester katikati ya miaka ya 1950 kwa ajili ya reli za Afrika Mashariki, zilipewa majina ya milima, na jina lilikaa kwenye bamba ubavuni. Bamba kama hilo ndilo linalotangulia kutoweka injini ikilala bila mlinzi, likifuatwa na geji, filimbi na mabomba. Lisipoibiwa, basi linang'arishwa kila Jumamosi mpaka herufi zinakuwa kama sabuni iliyotumika. Tengenezeni nakala muifunge nje, bamba la asili liwekwe ndani.

Mtaulizwa kila wiki kama itawashwa tena. Maji yakigeuka mvuke hujitanua zaidi ya mara 1,600, na boila ambayo haijapimwa unene wake na kukaguliwa na mkaguzi anayestahili haipaswi kuona moto hata wa kupigia picha tu. Hata hewa ya kompresa inayotumika badala ya mvuke kuzungusha magurudumu inahitaji ukaguzi wake. Ila msiue uwezekano. Big Boy namba 4014 ya Marekani, iliyojengwa 1941 na yenye uzito wa zaidi ya tani 500 pamoja na tenda, ilisimama Pomona, California, kwa takriban nusu karne ikitazamwa tu, mahali penye mvua haba. Ilichukuliwa 2013 na mwaka 2019 ikatembea kwa mvuke wake yenyewe. Kwa hiyo msikate bomba kwa kuwa linasumbua, wala msichomelee kitu kinachoweza kufungwa kwa bolti.

Na waacheni watoto waguse kitu. Jasho la mikono ni chumvi na linaleta kutu, najua, lakini chagueni wenzo mmoja imara kwenye kibanda cha dereva, mpange kuusafisha kila jioni, na muwaache wauvute.

Sisi tuna daftari na tochi. Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi mtu mmoja anazunguka: chumba cha moshi, chini ya tanuri, sakafu ya tangi, koki za silinda, na kila alichokiona anakiandika hata kama ni "hakuna". Mwezi uliopita daftari linasema: koki ya silinda ya kushoto, kavu. Leo nimekuta tone moja la maji likining'inia pale, jeusi kidogo kwa masizi. Kesho asubuhi, chuma kikishapata joto, napanda na ngazi kukagua kifuniko cha dohani.