Namfunga rafiki yangu kila jioni, nipo tayari kwa mashindano?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nina miaka 19, naishi Nyegezi, Mwanza. Baada ya wiki tatu naingia mashindano yangu ya kwanza ya sataranji: raundi tano, kila mchezaji dakika 90 na nyongeza ya sekunde 30 kwa kila hatua. Kila jioni nacheza na rafiki yangu nje ya duka la mama yake, michezo sita hadi minane, na mingi nashinda mimi. Maandalizi haya yanatosha? Naye pia anashiriki; tukipangiwa pamoja tufanyeje?

JIBU: Marahaba mwanangu. Hayatoshi, na kosa si la rafiki yako. Michezo minane kwa jioni moja hiyo ni drafti ya kijiweni: mkono unakimbia, mdomo unakimbia, kichwa kinafuata nyuma.

Nakwambia haya kwa kuwa yalinikuta. Nilipokuwa mwalimu kijana Tanga nilijiandaa mwezi mzima na mwalimu mwenzangu, barazani. Yeye alianza vilevile siku zote: kitunda, ile kete ndogo, cha mbele ya mfalme, kisha tembo, yule anayekwenda mshazari, kwenye mraba wa c4 (kila mraba wa ubao una jina la herufi na namba), macho yote kwenye f7, jirani ya mfalme wangu. Nikamzoea, nikamfunga, nikajiona fundi. Raundi ya kwanza nikakutana na mtoto wa kidato cha pili, akasukuma kitunda cha malkia mpaka d4. Nilikaa dakika ishirini naitazama d4 ile kama barua ya mahakama. Baadaye akaleta tembo g5, nami nikamshika farasi wangu wa f6. Nikiwa bado nimemshika ndipo nikamwona malkia wangu nyuma yake, pale d8. Barazani ningesema "ngoja, narudisha", tukacheka. Yule mtoto hakucheka. Aliutazama mkono wangu tu. Ukigusa kete yako sharti uichezeshe; farasi akaondoka, malkia akaliwa.

Kwa hiyo chezeni mchezo mmoja kwa jioni, mkitumia saa ya kuhesabu muda, kimya, bila kurudisha. Simu itawafaa kuwa saa hapo dukani. Mashindanoni usiingie nayo ukumbini, inaweza kukupotezea mchezo. Na kila hatua iandikwe. Kwa kuwa mna nyongeza ya sekunde 30, utaandika mpaka mwisho hata ukibaki na dakika moja, na wasioizoea kalamu hutetemeka hapo. Cheza kwanza, ndipo uandike. Kete ikikaa upande, sema "naweka sawa" kabla ya kuigusa.

Halafu mwombe rafiki yako aache kuwa yeye. Leo aanze na d4, kesho c4, keshokutwa akuudhi. Mikhail Botvinnik wa Urusi ya Kisovieti, aliyetwaa ubingwa wa dunia mwaka 1948, alikuwa akicheza michezo ya mazoezi na rafiki yake Ragozin, naye Ragozin akimpulizia moshi wa sigara makusudi ili auzoee. Sigara sitaki kuzisikia. Ila redio ya dukani mnayo.

Mchezo ukiisha, msipange mwingine. Chukueni karatasi mrudie hatua kwa hatua mpaka pale ulipokuwa hujui ucheze nini. Pangeni kete palepale, mbadilishane upande, mcheze tena kuanzia hapo. Mimi naona nusu saa ya namna hii inashinda michezo yenu minane.

Mkipangiwa pamoja, chezeni. Kukubaliana matokeo kabla ni udanganyifu, na mwamuzi akigundua mnaumia wote wawili. Najua itakuwa vigumu: anaujua mfuko wako wote. Mimi na mwenzangu tulipangiwa raundi ya nne. Tuliogopana, hatua ya kumi na mbili tukapeana sare, na njia nzima ya kurudi nyumbani hakuna aliyemsemesha mwenzake.