Betri Inayopindika: Anza na Unene

Katika miaka ambayo nimekuwa nikitengeneza betri za kuchajika kwa ajili ya vifaa vinavyopindika, nimeona vijana wengi wakikimbilia kubadilisha kemikali kabla ya kupima unene. Nawasihi waanze na unene.

Betri inapopindwa, upande wa nje huvutika na wa ndani hubanwa. Ikiwa tabaka zake zimeshikamana, kiasi cha kuvutika hukadiriwa kwa kugawa unene kwa kipenyo cha bomba inalozungushiwa: nusu milimita juu ya bomba la milimita 20 ni asilimia 2.5. Katika betri ya lithiamu, karatasi ya shaba hunyumbuka, lakini grafiti (aina ya kaboni inayohifadhi chaji) iliyopakwa juu yake hupasuka kadiri mikunjo inavyoongezeka. Ukiifungua betri iliyochoka kwa kupindwa, utaona nyufa nyembamba zimefuata mstari wa mkunjo, na penginepo grafiti imebanduka kama magamba, shaba ikibaki inang'aa. Kipande kilichobanduka hakifikiwi tena na umeme, hivyo hakihifadhi chaji. Ndiyo maana simu ya Galaxy Fold ya mwaka 2019 ilikuwa na betri mbili, moja kila upande wa bawaba, ili kinachokunjika kiwe skrini na si betri.

Jambo ninalolisisitiza kuliko yote ni namna ya kupima. Betri iliyonyooshwa mezani hudanganya, kwa sababu nyufa hujifunga na ukinzani wa ndani hushuka. Ipime ikiwa imezungushiwa bomba, huku ikitoa umeme, na uangalie kama volti zinarukaruka. Unapoandika matokeo, taja unene na kipenyo pamoja na idadi ya mikunjo, kwa maana mikunjo elfu moja juu ya bomba pana haithibitishi lolote kuhusu mkanda wa saa.

Kwa maabara isiyo na vifaa vya lithiamu, napendekeza betri ya zinki na manganizi dioksaidi katika jeli ya maji yenye zinki salfeti, ambayo haishiki moto hata mfuko ukichanika. Udhaifu wake ni miiba ya zinki inayoota wakati wa kuchaji na kutoboa kitenganishi (utando unaozuia pande mbili za betri zisigusane) hadi betri ipige shoti, kwa hiyo chaji polepole. Vilevile, weka ncha za kutolea umeme mbali na mkunjo, maana maungio yake hukatika mapema.