Kukaza fundo hakushiki kilemba, kunang'oa nywele

Swali: Daktari, shikamoo. Mimi ni Sikh, au Kalasinga kama tunavyoitwa hapa Mombasa, na nina miaka 23. Nywele zangu zinafika kiunoni. Asubuhi nafunga fundo vizuri, lakini ikifika saa nane mchana limeteremkia kisogoni na kilemba kimelala upande. Sasa nakaza kwa raba mbili. Kilemba kimetulia kidogo, lakini nywele za juu ya paji la uso na za panjani zinapungua. Rafiki ameniuzia mafuta ya kuotesha nywele. Nifungeje? Na je, kilemba ndicho kinachoninyonyoa?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Kilemba hakina kosa. Kosa ni la raba, na la imani iliyokufanya uzitafute: kwamba fundo ndilo linaloshika kilemba, hivyo likikazwa zaidi kilemba kitasimama zaidi. Imani hiyo imewaharibia vijana wengi nywele za mbele, na bado wakubwa wanawafundisha wadogo.

Fundo halishiki kilemba. Kazi yake ni kukusanya nywele mahali pamoja tu. Kinachoshika ni kitambaa cha ndani kilicho juu ya nywele, kiwe patka (kitambaa chepesi cha kufunika kichwa) au keski (kilemba kidogo), kisha fifti, yaani utepe wa kitambaa unaozunguka paji la uso, kisha mzunguko wa kwanza wa kilemba. Mzunguko huo lazima upite chini ya kile kinundu cha mfupa ulicho nacho kisogoni. Ukipita juu yake hauna pa kujishikilia, na metro tano au sita za kitambaa zitapanda na kuteleza hata ungefunga nywele kwa waya. Kagua pia patka yako. Kama ni ya kitambaa cha kuteleza, badilisha uchukue ya pamba nyepesi. Pamba juu ya pamba hushikana.

Sasa fundo lenyewe. Chana nywele zikiwa kavu kabisa, uanze nchani na kupanda taratibu hadi kwenye mizizi. Inama, uzikusanye zote kwa vidole kuelekea utosini, halafu inua kichwa kabla hujaanza kusokota. Wengi husokota wakiwa wameinama. Wakiinuka, nywele za shingoni zinalegea, nao wanazifuata kwa kuvuta fundo zima. Ukishainuka, lainisha za shingoni kwa kiganja, na inatosha.

Acha kama upana wa vidole vitatu kutoka kichwani bila kusokota. Hapo ndipo panapookoa mizizi. Mbele ya hapo sokota kwa wepesi, halafu zungusha upande uleule uliosokotea, maana ukizungusha kinyume inajifungua yenyewe. Nywele za kiunoni ni nyingi, kwa hiyo usizirundike kwenda juu kama kichuguu. Zilaze zizunguke bapa, kama kata ya kubebea ndoo, kila mzunguko ukiwa nje ya uliotangulia. Fundo bapa halionekani kama nundu chini ya kilemba, wala uzito wake hauelemei upande mmoja. Ncha ichomeke chini ya mzunguko wa mwisho. Kitana chako cha mbao, kangha, kiingize kimshazari chini ya fundo bila meno yake kukwaruza ngozi. Hicho ndicho kishikizo chako. Raba hazihitajiki hata moja.

Kisha jipime: inua nyusi, tazama dari, fungua kinywa. Ngozi ya panjani ikivutika au ikiuma, fungua uanze tena. Kidole kipite kati ya nywele za panjani na ngozi bila kulazimisha. Maumivu si dalili ya unadhifu, na vipele vidogo kwenye mstari wa mbele ni mizizi inayolalamika.

Joto la Mombasa linaongeza shida nyingine. Nywele ndefu huchukua saa nyingi kukauka, na wenye haraka ya kwenda kazini huzifunga mbichi. Unywele uliolowa hurefuka na kukatika kwa nguvu ndogo, na unyevu uliofungiwa siku nzima huleta harufu, mba na vijipu. Zioshe jioni ambayo una muda wa kuziachia.

Nije kwenye hayo mafuta, maana hapa uvumilivu wangu huisha. Nywele zinazopungua kwa kuvutwa hazina njaa ya mafuta. Mzizi unavutwa kila siku, unachoka, unaotesha unywele mwembamba, na mwisho kovu linaziba mahali pake. Kovu likishafunga, hakuna chupa itakayolifungua, iwe ya kitunguu, ya haradali au ya mizizi ya porini. Tena mafuta mazito hufanya fundo liteleze, nawe unalikaza zaidi. Kwa hiyo dawa uliyouziwa inazidisha ugonjwa. Wapo pia wanaochanganya krimu za steroidi kimyakimya na kuziuza kama mitishamba. Ngozi inakuwa nyembamba na mishipa inaonekana. Na anayekuambia unyoe ili ziote upya hajui kwamba unywele huota kwenye mzizi, wala mzizi haujui kama ncha imekatwa. Anakutaka uvunje nadhiri ya dini yako ya kutokata nywele bila faida yoyote.

Wala hili si la Kalasinga peke yao. Dada anayesukwa twende kilioni hadi macho yanavutika, mtoto anayefungwa mabutu kwa raba za rangi, mwenye rasta nzito za kuongeza, wote wana ugonjwa huuhuu mahali palepale: panjani na mbele. Msusi anayesema "vumilia, kesho zitalegea" anakuuzia upara kwa awamu. Wazazi wa wavulana wa patka ndio wawe macho zaidi, kwa sababu fundo la mtoto huwekwa mbele, na mtoto hasemi kichwa kinamuuma akishazoea. Wenye kufunga ndevu kwa gundi na uzi waangalie chini ya kidevu vilevile.

Kwa upande wako, tupa raba leo, na usiku ufungue fundo ulale na nywele zimelegea chini ya kitambaa chepesi. Kuona nywele hata mia moja kwenye kitana kwa siku ni kawaida, hasa kama zina kitu cheupe kama mbegu ndogo mwishoni. Unywele hukua karibu sentimita moja kwa mwezi, kwa hiyo usihukumu matokeo kabla ya miezi mitatu hadi sita. Lakini ukiona sehemu ya mbele inang'aa na imekuwa laini, bila vitundu vya vinyweleo, muone daktari wa ngozi wiki hiyohiyo. Nenda ukiwa umefunga kama unavyofunga kila siku, ili aone fundo linavuta wapi kabla hujalifungua.