Aldabra, Mayotte na Pemba: usipange visiwa kwa bendera

Ndugu, umeuliza kwenye listi yako ya mimea Aldabra uiweke Shelisheli, na Mayotte uipeleke Ufaransa au vipi. Jibu fupi: sahau serikali. Wengi wanafuata ule mpangilio wa maeneo ya mimea wa TDWG (shirika la kimataifa la viwango vya taarifa za viumbe), toleo la pili la 2001, ndio huohuo bustani ya mimea ya Kew, Uingereza, wanautumia, na wenyewe unagawa dunia ngazi nne: bara, kanda, "nchi ya kibotania" (eneo la kurekodia mimea lenye msimbo wa herufi tatu, si lazima lifuate mipaka ya serikali), halafu vijisehemu.

Sasa Aldabra kiserikali ni Shelisheli kweli, ila iko zaidi ya kilomita 1,000 kutoka Mahé, kisiwa kikuu cha Shelisheli, tena ni kisiwa cha matumbawe wakati Mahé na jirani yake Praslin ni mawe ya granaiti, kwahiyo mimea haifanani na ndo maana Aldabra ina msimbo wake ALD na Shelisheli SEY, zote kanda ya 29, Bahari ya Hindi Magharibi. Ukizichanganya mtu atadhani ule mnazi wa Praslin wenye mbegu kubwa kuliko zote duniani unaota mpaka Aldabra! Mayotte iko ndani ya msimbo COM pamoja na Komoro, Ufaransa haihusiki kabisa hapo.

Kinachonikera mimi ni Pemba. Inamezwa na TAN, msimbo wa Tanzania, yaani mpapindi, mti wa jamii ya mnazi wa msitu wa Ngezi, usioota kiasili nje ya Pemba, kwenye ramani unapaka rangi Tanzania nzima hadi Kigoma. Kwahiyo weka kolamu ya pili uandike jina la kisiwa chenyewe, na msimbo usiufute.