Hema la "watu 8" kwa familia ya watu 6: je, litatosha?

SWALI: Fundi, habari za kazi. Nyumbani tuko sita: mimi na mume wangu, watoto watatu (mkubwa ana miaka 14, wa mwisho 4), na mama mkwe ambaye amesema safari hii haachwi. Tunatafuta hema moja kubwa la kwenda nalo kambini kwa gari. Nimeona mawili. La kwanza limeandikwa watu 6, sakafu yake ni sentimita 300 kwa 300, lina fito za faibaglasi na kifuniko cha mvua kinachofika juu tu kama kofia. La pili limeandikwa watu 8, sakafu ni 430 kwa 300, lina milango miwili, nguzo za chuma, na kifuniko chake kinashuka mpaka karibu na ardhi. Bei yake inakaribia mara mbili ya la kwanza. Kinachonichanganya ni kwamba la kwanza lina alama ya 3000 mm na la pili 2000 mm, na muuzaji anasisitiza kuwa la kwanza ndilo lisilovuja. Mume wangu naye anasema tuyaache yote mawili, tununue la turubai la pamba. Nishike lipi? Mama wa Watatu

JIBU: Mama wa Watatu, chukua la pili, na usiumizwe kichwa na hiyo 3000.

Namba hiyo hupatikana hivi: kitambaa hubanwa chini ya bomba, maji yakaongezwa taratibu juu yake mpaka matone yaanze kupenya upande wa pili. Kimo cha maji wakati huo ndicho kinachoandikwa. Kwa hiyo 2000 mm maana yake kitambaa kilibeba safu ya maji ya mita mbili kabla ya kuanza kupitisha. Mvua inayopiga kwenye paa haisukumi kwa nguvu hiyo; kwa paa na kuta, hata 1500 hutosha. Sakafu ndiyo inayohitaji namba kubwa, kwa sababu goti la mtu mzima juu ya ardhi iliyolowa hukandamiza maji kuliko mvua yoyote. Muulize muuzaji 3000 yake ni ya paa au ya sakafu. Watengenezaji wengi huziandika mbalimbali, na dukani hutajwa ile kubwa.

Isitoshe, namba hiyo ni ya kitambaa kizima, haisemi lolote kuhusu mshono. Mahema ninayoletewa kwa malalamiko ya kuvuja, mara nyingi kitambaa chake hakina kasoro. Maji yamepita kwenye matundu ya sindano, kwenye zipu, au kwenye dirisha ambalo kifuniko hakikulifikia. Ukiwa dukani, omba kifuniko kigeuzwe ndani nje, kisha ufuate mshono mkubwa wa paa kwa kidole gumba. Unatakiwa kuhisi utepe laini uliobandikwa juu ya uzi, mwanzo hadi mwisho bila kukatika. Fika mpaka pale mishono mitatu inapokutana, karibu na kona, kwa sababu ndipo utepe unapoanza kuachia. Ukiweza kuuinua kwa ukucha ilhali hema bado jipya, rudisha mfukoni pesa zako.

Sasa kile kifuniko cha kofia. Hema la namna hiyo huwa na neti kubwa juu na madirisha ubavuni, na usiku wa joto usio na mvua ni raha tupu, hewa inazunguka bila kizuizi. Shida ni kwamba mvua yenye upepo hainyeshi wima. Huja ikiwa imelala, ikapiga ubavu wa hema chini kabisa ya kofia, na hapo hata kitambaa cha 5000 hakisaidii kwa kuwa maji hayana haja ya kupenya kitambaa, yanaingia kwenye zipu ya dirisha. Mtu anayelala na mtoto wa miaka minne na mama wa makamo sipendi nimwone akihamisha magodoro saa nane za usiku.

Kifuniko kirefu nacho kina tabia yake, nikwambie mapema usije ukanirudia na lawama. Watu sita wakipumua usiku kucha hutoa mvuke mwingi, nao ukigusa kifuniko kilichopoa hugeuka matone. Asubuhi utakuta upande wa ndani umelowa na utadhani linavuja. Namna ya kutofautisha ni rahisi. Maji ya kuvuja hufuata mshono au hutoka sehemu moja inayojulikana. Matone ya pumzi hutapakaa kifuniko kizima sawasawa, na hutokea hata usiku ambao mvua haikunyesha. Dawa yake ni kuacha matundu ya hewa wazi juu na chini, hata mvua ikinyesha, na kuhakikisha kifuniko hakigusani na hema la ndani. Kosa la wengi ni kuziba kila tundu kwa kuogopa baridi, halafu wakaamka wamelowa kuliko walio nje.

Tuje kwenye ukubwa. "Watu 8" kwa mtengenezaji ni watu wanane waliolala bega kwa bega kwenye mikeka myembamba, kila mmoja na upana wa sentimita 60 au pungufu, bila begi hata moja. Usihesabu vichwa, hesabu magodoro. Nimechukulia kwamba mtakwenda na magodoro mawili ya upepo ya sentimita 140 kwa 200, na kitanda cha kukunja cha 70 kwa 190 kwa ajili ya mama mkwe, maana kuamka kutoka chini si kazi ya umri wake.

Kwenye hema la 300 kwa 300, magodoro mawili yakikaa sambamba yanakula sentimita 280. Kitanda cha mama kitabaki na sehemu moja tu, kukingama miguuni penu kwenye ule ukanda wa mita moja uliobaki, yaani mlangoni. Kila atakayetoka kwenda kujisaidia usiku atamruka mama mkwe. Uamuzi ni wako.

Kwenye 430 kwa 300, magodoro mawili na kitanda vikipangwa sambamba vinachukua 350. Zinabaki sentimita 80 ubavuni, pamoja na ukanda wa mita moja miguuni wa kupita na kuweka mabegi. Wewe, baba na mdogo godoro moja. Wakubwa wawili la pili. Mama upande wa mlango wake mwenyewe. Hiyo milango miwili ina maana kuliko inavyoonekana kwenye picha. Kama kuna pazia la kugawa vyumba, jua kwamba huzuia macho, sauti halizuii. Angalia pia mwinamo wa kuta: vipimo vya sakafu huchukuliwa chini kabisa, na ukuta ukiinama ndani sana, godoro la pembeni litagusa kitambaa na shuka zitalowa.

Kuhusu mifupa ya hema: faibaglasi si mbaya kwa hema dogo. Kwenye hema kubwa ufito hupindwa sana, nao hupasuka kwa urefu karibu na kiungo cha bati, ukatoa nyuzi zinazochoma mkono na kutoboa kitambaa. Alumini ni bora, nyepesi na ikizidiwa hupinda badala ya kupasuka, ila kwa ukubwa huo bei hupaa. Chuma ni kizito, lakini gari ndilo litakalobeba. Uzito usikutishe, kinachokwamisha watu ni urefu wa mfuko. Mahema yenye nguzo zilizofungwa tayari humo ndani, yale ya kufungua na kusimamisha kwa dakika chache, mara nyingi hukunjika mpaka kama sentimita 120. Pima buti kabla ya kulipa, na ukumbuke kuna mabegi ya watu sita.

Mzee ana hoja kwenye pamba. Turubai la pamba linapumua, mchana halifuki sana, na nyuzi zake zikilowa huvimba na kuziba matundu ya mshono zenyewe, ndiyo maana jipya hulowanishwa na kukaushwa kabla ya safari ya kwanza. Lakini la ukubwa wenu hupita kilo 30 kwa urahisi likiwa kavu, na likikunjwa na unyevu kwa siku chache tu hushika kuvu, madoa yake hayatoki. Kama mna uwanja au ukumbi wa kulitandaza mpaka likauke kabisa kila mnaporudi, mnunulieni. Kama hamna, bakini na poliesta. Nailoni siipendi kwa hema la namna hii, inalegea ikilowa na jua linaichosha mapema.

Neno moja kuhusu upepo. Hema refu lenye kuta zilizosimama wima hupokea upepo mzima mzima, na upepo ukiongezeka mbio mara mbili, msukumo wake huongezeka mara nne. Funga kamba zote, hata jioni ikiwa shwari. Vile vigingi vyembamba vinavyokuja na hema ni vya kukamilisha mfuko tu. Nunua vya chuma kinene vya sentimita 30, uvigongee vikiwa vimeinamisha kichwa upande wa kutoka kwenye hema. Na jiko la mkaa lisiingie humo hata likibaki majivu yenye moto, wala barazani chini ya kifuniko. Hewa yake ya sumu haina harufu wala rangi, na huua watu wakiwa usingizini.

Ukishalinunua, lisimamishe nyumbani kabla ya safari, ulimwagie maji kwa mpira kwa robo saa hivi kutoka pande zote huku mtoto mkubwa akiwa ndani na tochi. Likivuja, risiti bado unayo mkononi.