Maswali na Majibu: Kumpiga Picha Mtu Chumbani Mwake

Barua zilizonifikia safari hii zinahusu picha za watu wakiwa majumbani mwao, mahali ambapo mpiga picha hana studio wala pazia la kuning'iniza, bali ana ruhusa ya mwenyeji peke yake.

Ninapiga picha za wazee wa mtaani kwetu wakiwa vyumbani mwao. Kila nikifika, mwenye nyumba huniomba nisubiri afagie, atandike vitambaa na kubadilisha nguo, na mwishowe picha zote zinafanana na za sikukuu. Nimwambieje aiache nyumba ilivyo? (Msomaji, Tanga)

Usimwambie. Mgeni hapigi hodi kisha akamchagulia mwenyeji namna ya kumpokea, na wewe, hata ukiwa na kamera shingoni, ni mgeni. Vile vitambaa vya makochi, alivyovifuma kwa mkono wake na kuvipiga wanga hadi kingo zikasimama, ni kauli yake juu ya nafsi yake, sawasawa na jina la kanga aliyoamua kujifunga siku hiyo. Ukiviondoa ili picha ionekane ya maisha halisi, utakuwa umemnyang'anya kauli yake ukaweka ya kwako. Kosa hilo nimewahi kulifanya. Nilimsihi bibi mmoja avue kanga mpya alizokuwa amejifunga na kurudia gauni alilokuwa akipikia, naye akakubali kwa adabu, lakini katika kila picha niliyopiga mchana ule mkono wake mmoja umelala kifuani kuficha kiraka. Sikuthubutu kumpelekea hata moja.

Piga kwanza picha anayoitaka yeye, tena kwa uangalifu wote, kisha usiondoke. Chai ikishaletwa na mazungumzo yakikolea, kitambaa kimoja kitateleza kwenye mkono wa kochi, naye atanyoosha mkono kukirudisha huku akiendelea kusimulia, akiwa amekwisha kuisahau kamera. Picha unayoitafuta iko hapo, ingawa mara nyingi haipatikani kabla ya ziara ya pili au ya tatu.

Chumba ni cha mita 3 kwa 3, kina dirisha moja na balbu moja, na lenzi yangu ni ya 50 mm. Nifanyeje? (Msomaji, Morogoro)

Zima balbu. Balbu ya mwanga wa njano ina joto la rangi, yaani kipimo cha unjano au ubuluu wa mwanga, la takriban 2700 K (kelvini), ilhali mwanga wa mchana unakaribia 5500 K, na vikichanganyika usoni shavu moja litakuwa la chungwa na jingine la buluu, kasoro ambayo programu ya kuhariri huiondoa kwa taabu sana. Mkalishe mtu wako ubavuni mwa dirisha, si mbele yake, na upande wa pili tundika shuka jeupe lirudishe mwanga kwenye kivuli. Shuka hilo lina faida zaidi ikiwa kuta zimepakwa kijani au buluu, kwa kuwa rangi ya ukuta huakisi juu ya ngozi. Flashi iache mfukoni, au kama huna budi, ielekeze kwenye dari jeupe.

Kuhusu lenzi, fanya hesabu. Kwenye kamera yenye kihisi (kile kibamba kinachopokea mwanga ndani yake) cha mm 36 kwa 24, ukiishika wima na kusimama mita 2 kutoka kwa mtu, lenzi ya 50 mm huona urefu wa mita 1.4 hivi, na ya 35 mm huona mita 2. Kwa hiyo lenzi yako inatosha kwa mtu aliyeketi, lakini kitanda chake na kabati lake vitabaki nje. Msomaji anayetumia simu ana tatizo la kinyume chake, kwani lenzi kuu ya simu ni pana, na akisogea karibu sana pua hukua na masikio yakarudi nyuma.

Mimi ni mwanamume, na familia moja ya Lamu imeniomba nimpige picha bibi yao ndani kwake. Mipaka yangu ni ipi? (Msomaji, Mombasa)

Nyumba ya mawe ya Lamu imekwisha kukujibu. Ukitoka njiani unapita daka, yaani kibaraza cha mlangoni, kisha tekani, chumba kidogo cha kuingilia, kisha kiwanda, yaani ua wa ndani ulio wazi juu, kisha misana, zile kumbi ndefu, na mwisho kabisa ndiko kuliko ndani penyewe, chumba cha mwenye nyumba. Kila hatua inahitaji ruhusa yake, na iliyotolewa kiwandani haikufikishi ndani. Anzia kiwandani, ambako hata mwanga ni mzuri zaidi, uongozane na mwanamke wa familia hiyo, na umwonyeshe bibi kila picha kwenye kioo cha kamera kabla ya kuendelea. Ukipewa nafasi ya kuingia, piga kwa urefu wa chumba, kwa maana upana wake ulitegemea boriti za mikoko na mara nyingi hauzidi mita 3. Na kama mjukuu wake wa kike ana jicho zuri, mkabidhi kamera wewe ukae barazani. Pengine picha yake itakuwa bora kuliko yako.

Aliyenikubalia kupiga picha, je, amenikubalia pia kuichapisha? (Msomaji, Nairobi)

Hapana. Hizo ni idhini mbili. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, ambayo humruhusu mtu hata kuiondoa idhini aliyokwisha kuitoa, na mnamo Septemba 2023 shule moja ilitozwa shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za watoto bila idhini ya wazazi. Tanzania nayo ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Angalia pia vilivyoko nyuma ya mtu: dawa mezani, cheti ukutani, namba ya simu iliyoandikwa kwa chaki mlangoni.

Nijifunze kwa nani? (Msomaji, Dodoma)

Wawili wanatosha kwa kuanzia. Seydou Keïta wa Bamako, Mali, alifungua studio mwaka 1948 katika ua wa kwao, akatumia mwanga wa jua, na pazia lake la kwanza lilikuwa shuka la kitandani mwake mwenyewe. Carrie Mae Weems wa Marekani alikamilisha mwaka 1990 mfululizo wa picha 20 zilizopigwa kwenye meza moja ya jikoni, chini ya taa moja. Mwenye chumba cha mita 3 asinung'unike tena.

Nimlipe? (Msomaji, Tanga)

Hilo mpatane kabla hujatoa kamera. Picha ya karatasi, hata hivyo, mpelekee kwa vyovyote vile, iliyokwisha kutiwa fremu, na uende na msumari wako.